Barua ya Pangani: Ndugu Wanapohitilafiana juu ya Ukubwa wa Maradhi



Jamaa zangu mlioko Maskati, Sur, Dubai, London, Toronto na kwengineko,

Mwezi uliopita binti wa mpwa wangu, anayesoma Uingereza, aliniletea ule mti wa ukoo ambao amekuwa akiuchora tangu mwaka jana. Kazi ni nzuri, na mkono wake ni safi. Akaniuliza swali ambalo sikuweza kumjibu kwa simu: "Babu, mbona tawi hili la Pangani limekatika? Pana jina la mtu mmoja tu, kisha hapana mke, mtoto wala mjukuu. Alikufa bila kizazi?"

Hakufa bila kizazi. Aliacha watoto, na watoto wake wakaacha watoto. Ila sisi na wao tuliacha kuzikana, na watu wasiozikana husahauliana majina. Sababu ya kuachana kwao ni barua moja iliyoandikwa mwaka 1286 wa Hijria, na neno moja lililosemwa matangani miezi miwili baadaye. Nimeona nilijibu swali hili kwa maandishi, maana nami nilikaribia kukata tawi jingine la ukoo huu kwa neno lilelile, juzi tu, katika mwaka wa korona.

Babu yetu, Mungu amrehemu, alituachia daftari lenye jalada jeusi, lililoandikwa kwa herufi za Kiarabu, lugha nusu Kiarabu na nusu Kiswahili. Wengi wenu mmeliona. Yaliyomo humo kuhusu mwaka ule aliyapokea kwa baba yake, ambaye wakati huo alikuwa kijana wa miaka ishirini hivi. Mimi nimeyasoma mara nyingi, nikayalinganisha na yale yanayojulikana katika tarehe ya Unguja.

Mwaka 1869 Sayyid Majid bin Said ndiye aliyekuwa akitawala. Mji ulikuwa umekwisha kukijua kipindupindu. Kilifika pwani yetu katika mwaka 1821, mwaka uleule kilipoipiga Maskati kipigo kikubwa. Kikarudi katika miaka ya 1836 na 1837, kisha tena 1858 na 1859. Wazee wa Malindi na Shangani walikuwa wamejifunza somo moja kutokana na misiba hiyo: kipindupindu huja na vyombo. Kwa hiyo macho yao yalikuwa baharini. Mwezi wa Oktoba pepo za kaskazi zilikuwa bado hazijaanza, majahazi ya Uarabuni yalikuwa hayajaingia, na mji ulijiona umo katika salama.

Babu wa babu yetu alikuwa na nyumba Malindi. Mwanawe mkubwa alikuwa Pangani, akifanya biashara na misafara iliyopanda bara kutafuta pembe. Katika mwezi wa Rajab mwana huyo alimwandikia baba yake barua. Daftari halikuihifadhi barua yenyewe, bali limetaja yaliyokuwamo: kwamba watu wa msafara waliorudi kutoka Umasaini wamesimulia maradhi ya kutapika na kuhara yanayoua mtu kati ya asubuhi na jioni, kwamba njiani wameacha maiti wasiozikwa, na kwamba yeye anamsihi baba awatoe mama na watoto mjini, awapeleke shamba kabla ya Ramadhani.

Mzee aliisoma barua hiyo barazani, mbele ya marafiki zake. Akasema kipindupindu hakitembei kwa miguu. Akasema wapagazi wana desturi ya kutia chumvi katika habari za bara ili bei ya pembe ipande. Wenzake wakamuafiki. Barua haikujibiwa.

Hapa lazima nisimame, kwa sababu ni rahisi kwetu leo kumcheka mzee yule. Daktari James Christie, Mskoti aliyekuwa akitibu watu mjini Unguja katika miaka ile, alichapisha mwaka 1876 kitabu kizima juu ya kipindupindu cha Afrika Mashariki. Aliketi na wafanyabiashara, mahujaji na watu wa misafara, akawauliza mmoja mmoja wapi na lini waliyakuta maradhi, hata akaifuata njia yake. Akaona kuwa safari ile maradhi hayakuja kwa bahari. Yalitoka pande za Bahari ya Shamu na Uhabeshi, yakapita kwa wafugaji wa bara, yakafika Umasaini, na kutoka huko yakateremka na misafara mpaka Pangani, ndipo yakavuka kuja kisiwani. Yaani kwa mara ile kipindupindu kilitembea kwa miguu kweli, na wale wapagazi hawakutia chumvi.

Lakini mzee wetu angelijuaje hilo? Elimu yake ilikuwa ya kweli. Ilitokana na misiba mitatu iliyopita. Hata madaktari wa Ulaya walikuwa bado wakibishana. John Snow alikwisha kuonyesha London, mwaka 1854, kwamba kipindupindu huenea kwa maji ya kunywa, na wengi hawakumkubali. Kijidudu chenyewe Robert Koch alikuja kukithibitisha mwaka 1884, miaka kumi na mitano baada ya barua ya Pangani. Mtu aliyekosea barazani Malindi alikosea pamoja na wataalamu wengi wa zama zake.

Mwishoni mwa Novemba maradhi yaliingia mjini. Watu walikufa kwa maelfu, mjini na mashamba. Katika nyumba yetu walikufa wanne katika Ramadhani ile: bibi mwenye nyumba, yaani mama wa yule mwana wa Pangani, dada yake, mtumishi mmoja, na mtoto wa kike wa miaka sita. Mbele ya majina matatu babu ameandika "kipindupindu". Mbele ya jina la mtoto ameandika "homa", kisha pembeni kwa herufi ndogo: "Ndivyo alivyosema baba yake, wala hapana aliyemrudi."

Mwana wa Pangani alifika siku ya tatu ya msiba. Aliingia barazani, watu wamejaa, na kabla hajampa baba yake mkono alisema: "Nilikuandikieni. Mngelinisikiliza, mama angelikuwa hai." Mzee hakumjibu kwa muda. Kisha akamwambia arudi alikotoka. Akarudi, wala hakuja tena. Baba yake alipofariki hakuletewa habari, na yeye alipofariki habari zake zilifika Unguja baada ya mwaka. Binti yangu, hilo ndilo jibu la swali lako. Tawi limekatika hapo.

Nimejiuliza mara nyingi kama mwana yule alisema uongo. Hakusema uongo. Alikuwa na haki ya kila neno, isipokuwa hilo la mwisho, kwa sababu maradhi yalifika mashambani vilevile, na hapana ajuaye kama mama yake angelipona huko. Basi tuchukulie kuwa alikuwa na haki hata katika hilo. Haki yake haikumfufua mtu. Ilimpotezea baba, ikatupotezea sisi ukoo mzima wa Pangani.

Niliposoma Kiarabu katika ujana wangu, mwalimu wetu alitusomesha habari za tauni ya Amwas, iliyotokea Sham mwaka 17 au 18 wa Hijria. Wakati ule niliichukua kama kisa cha kuhifadhi kwa ajili ya mtihani. Sasa naiona kuwa ni somo la namna watu wema wanavyoweza kuhitilafiana juu ya maradhi bila kuvunjiana heshima.

Sayyidna Umar alikuwa njiani kwenda Sham. Alipofika mahali paitwapo Sargh, majemadari wake wakampokea kwa habari kwamba tauni imezuka. Hakuamua peke yake. Akawaita Muhajirina akawataka shauri, wakahitilafiana: wengine wakasema umetoka kwa jambo, usirudi, wengine wakasema usiwatie watu hawa katika tauni. Akawaita Ansari, nao wakahitilafiana vivyo hivyo. Akawaita wazee wa Kikureshi, nao wakawa na neno moja: rudi. Umar akatangaza kuwa asubuhi anarudi.

Abu Ubayda, jemadari wa Sham na miongoni mwa watu aliowapenda mno, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akasikitika kwamba neno hilo limetoka kwa mtu kama yeye. Kisha akamjibu kwamba anatoka katika kadari ya Mungu na kuingia katika kadari ya Mungu, akampigia mfano wa mchungaji aliyefika bonde lenye pande mbili, moja lenye majani na jingine kavu: popote atakapolisha, atakuwa amelisha kwa kadari. Baadaye akaja Abdurrahman bin Auf, ambaye hakuwapo katika mashauri yale, akasimulia aliyoyasikia kwa Mtume: nchi mnayosikia ina tauni msiingie, na ikizuka mlipo msitoke kuikimbia. Umar akamhimidi Mungu, akarudi.

Na Abu Ubayda? Alibaki Sham na jeshi lake. Umar alimwandikia barua ya kumwita Madina kwa haja fulani. Abu Ubayda akaielewa haja hiyo ni nini, akaomba radhi asiwaache watu wake. Tauni ikamuua. Akashika uongozi Muadh bin Jabal, naye akafa. Kisha Amr bin al-As akawaambia watu watawanyike milimani. Mmoja katika masahaba akamkatalia mbele ya watu kwa matusi mazito. Amr akasema hatamrudishia neno, lakini pia hawatabaki pale. Akatoka, na watu wakatoka naye, mpaka tauni ikaondoka. Habari ilipomfikia Umar, hakulichukia alilolifanya Amr.

Tazameni mambo mawili katika kisa hiki. Kwanza, Umar na Abu Ubayda waliachana Sargh kila mmoja akienda njia yake, wala mmoja hakumdai mwenziwe akiri kuwa amekosea. Baada ya hapo waliandikiana barua kama ndugu. Pili, Amr alitukanwa akanyamaza, lakini kunyamaza kwake hakukuwa kulegea. Watu aliwatoa.

Wanavyuoni waliokuja baadaye waliendelea kuhitilafiana. Lisanuddin Ibn al-Khatib wa Granada, aliyeyaona maradhi makubwa ya karne ya 14 ya Miladi, alishikilia kuwa tauni huambukiza, akatoa hoja ya yale yanayoshuhudiwa: nguo, vyombo, nyumba, na mtu anayefika bandarini kutoka nchi yenye maradhi. Ibn Hajar al-Asqalani wa Misri hakuafiki sababu hiyo. Aliona asili ya tauni ni nyingine. Lakini Ibn Hajar alikuwa mtu aliyefiwa na mabinti wake watatu kwa tauni, na alikuwa mwaminifu wa kuhesabu. Katika kitabu chake juu ya tauni ameandika kwamba mwaka 833 wa Hijria, yaani 1430, waliokuwa wakifa Cairo kwa siku hawakufika arubaini. Watu wakatoka jangwani kwa umati kuomba dua, na mwezi haukuisha ila waliokufa kwa siku walizidi elfu moja. Angeliweza kuificha hesabu ile, maana ilikuwa nzito kwa kila mtu aliyetoka siku ile. Hakuificha. Kama alikosea katika sababu, alitupa hesabu sahihi, na waliokuja nyuma wakaweza kujifunza kwayo.

Sasa nije kwetu.

Mnajua kwamba mimi niliondoka Unguja nikiwa kijana katika miaka ya 1970, nikaajiriwa ukarani hapa Maskati mpaka nilipostaafu. Kaka yangu mkubwa alibaki. Ana duka la vinyago na kanga mjini, akiwauzia watalii. Miaka yote hiyo tumekuwa tukizungumza kwa simu kila Ijumaa baada ya sala.

Machi 2020 misikiti ya Oman ilifungwa. Aprili ikafungwa Matrah, kisha mkoa mzima wa Maskati. Tukasali tarawehe majumbani, jambo ambalo sikuwahi kudhani nitaliona. Upande wa pili, Tanzania ilitoa hesabu za mwisho mapema mwezi wa Mei: wagonjwa 509 na vifo 21. Baada ya hapo hesabu zikanyamaza, na Juni Rais Magufuli akatangaza kuwa maradhi yameondoka nchini. Basi mimi na kaka yangu, tuliozaliwa na mama mmoja, tukawa tunaishi katika tarehe mbili mbalimbali.

Nilimtumia makala, picha, hesabu. Alinijibu kwa picha za watu wakinunua samaki Darajani. Ijumaa moja katika Ramadhani ile akaniambia: "Bwana mdogo, nyinyi huko mmefungiwa na hofu. Sisi tunajifukiza, tunaomba Mungu, tunaishi." Nami, Mungu anisamehe, nikamwambia: "Kwa ukaidi wako utaua watu wa nyumba yako." Neno hilo nalimwambia aliyenishika mkono siku ya kwanza ya kwenda chuoni. Akasema, "Haya, msomi," akakata simu. Sikukuu mbili zikapita tukitumiana salamu kwa midomo ya watoto.

Katika miezi ile ya kimya nilikuwa na hakika kwamba haki ni yangu yote. Leo nikihesabu naona haikuwa yote. Mimi nilikuwa nikiosha tende kwa sabuni, na mkate nikiuacha siku nzima juani. Niliwaambia watoto kwamba nusu ya mtaa wetu haitauona mwaka mpya, na haikuwa hivyo, ingawa hapa Oman walikufa zaidi ya watu 4,000, na baadhi yao niliwajua. Tena mimi pensheni yangu iliingia kila mwezi, nikiwa nimeketi. Kaka yangu ndege za watalii zilipokatika, duka lake lilikuwa limekwisha kufa. Kila makala niliyompelekea ilimwambia jambo moja ambalo mimi sikulisoma ndani yake: kwamba duka halitafunguliwa tena. Sikumuuliza hata siku moja anakula nini.

Februari 2021 Maalim Seif Sharif Hamad alifariki. Chama chake kilikuwa kimetangaza wazi kwamba ameambukizwa korona, na neno ambalo lilikuwa likisemwa kwa kunong'ona likasemwa mchana. Siku chache baadaye simu yangu ililia alfajiri. Alikuwa kaka.

"Shemeji yako ametutoka," akasema. "Nimonia."

Ndugu zangu, nakwambieni kweli, lile neno lilikuwa juu ya ulimi wangu. Nilikuwa nimelihifadhi miezi tisa. Lakini nililiona daftari jeusi mbele ya macho yangu kama nimelifungua, na ile baraza ya Malindi iliyojaa watu. Nikasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Pole, kaka. Alianzaje?"

Akanisimulia kwa muda wa dakika arubaini. Alianza kwa kulalamika kwamba ubani wa usiku wa Ijumaa haunukii, akamlaumu muuzaji kuwa amemuuzia mbovu. Watu wote chumbani waliusikia isipokuwa yeye. Kisha homa, kisha kifua, kisha kutafuta mtungi wa oksijeni mji mzima. Kaka alisimulia yote, alama moja baada ya nyingine, kwa uangalifu ambao karani hawezi kuuzidi. Jina la maradhi hakulitaja, nami sikulitaja. Mwisho akanyamaza, kisha akauliza kwa sauti ndogo: "Kwenu huko, matanga mlikuwa mnayafanyaje?"

Nikamwambia: wachache kaburini, watu wapokelewe nje, mikono isipeanwe, wazee wabaki majumbani wapigiwe simu. Akafanya hivyo. Wanawe walisimama nje ya nyumba, mkono kifuani, na waliotaka kuingia ndani kwa wingi wakaambiwa kwa upole kwamba ndivyo alivyotaka mwenye msiba. Julai mwaka ule Rais Samia alipochanjwa mbele ya watu na chanjo ikaanza kutolewa, kaka aliniambia katikati ya mazungumzo mengine, kama mtu anayetaja bei ya sukari: "Nimeshadungwa."

Sisemi kwamba upole wangu ndio uliombadili. Kilichombadili ni msiba. Ninachosema ni kwamba mlango ulikuwa wazi alipotaka kupita, na kama ningelisema neno lile, ungelifungwa.

Kwa hayo yote nimejifunza machache, nayaweka hapa kwa ajili ya vijana wetu, maana maradhi mengine yatakuja, na watu watahitilafiana tena.

Anayedharau maradhi muulizeni kwanza ameona nini, na ana nini cha kupoteza. Mzee wa Malindi alikuwa ameona vyombo mara tatu. Kaka yangu alikuwa ameona soko limejaa na duka limefungwa. Mtu hahami kutoka aliyoyaona kwa sababu umemtumia hesabu za nchi nyingine. Lakini akiulizwa kwa heshima, husikia mwenyewe mahali ambapo maelezo yake hayatoshi. Na anayeogopa kupita kiasi naye aulizwe vivyo hivyo. Ningelipenda mtu aniulize kuhusu zile tende.

Tena, tenganisheni unalolifanya wewe na unalotaka mwenzako akiri. Katika nyumba yangu alikuwamo mama mkwe, mwenye miaka tisini wakati ule. Mpwa wangu mmoja aliamini kuwa korona ni mafua tu. Sikubishana naye hata dakika moja juu ya mafua. Nilimwambia: "Baba, bibi yako atakusalimia dirishani." Alikasirika, akamsalimia dirishani. Kunyamazia ubishi si ruhusa ya kuufungua mlango. Amr alituonyesha hivyo.

Mwisho, andikeni kweli. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na daftari linaloandika "homa" huwanyima wajukuu elimu. Simlaumu yule baba wa mtoto wa miaka sita. Hapana hata mmoja wenu atakayemlaumu. Lakini huruma ya kutomrudi mfiwa siku ya msiba ni jambo moja, na hesabu ya baadaye ni amana nyingine.

Kwa ajili hiyo, mwaka huu nilipofika zamu ya kuandika jina la shemeji katika daftari, nilimpigia kaka simu. Nikamuuliza, "Niandike nini mbele ya jina lake?" Alikaa kimya kwa muda mrefu, nikasikia adhana ya laasiri nyuma yake. Kisha akasema, "Andika ilivyokuwa." Nikaandika.

Imebaki Pangani. Kama miongoni mwa wanaosoma haya yupo ambaye wazee wake walitoka Pangani, na kwao palisimuliwa habari za babu aliyefukuzwa matangani Unguja kwa sababu ya barua, basi na ajue kuwa barua ile ilikuwa ya kweli, na kwamba sisi tunakiri hivyo, ingawa tumechelewa miaka mia moja na hamsini. Tuleteeni majina. Mti unangoja.

Wassalaam.